Kiunzi Kisichoanguka: Kumwandalia Farasi Mazoezi ya Mbio za Nyika Kikambala

Mwanafunzi wa fasihi alisikiapo neno kiunzi hukumbuka kwanza kiunzi cha nadharia, pengine kwa hofu ya msimamizi wa tasnifu. Fundi wa majahazi hukumbuka mbavu za chombo kabla hazijapigiliwa mbao. Mpenzi wa riadha naye humkumbuka Amos Biwott, Mkenya aliyeshinda mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Neno hili limetokana na kitenzi unda, na wote watatu wana haki nalo. Makala haya yanamwongeza wa nne: mfugaji anayetaka kuunda viunzi shambani mwake ili amzoeze farasi mbio za nyika, yaani mbio za kuvuka magogo, nyua na mitaro.

Kwa hakika farasi ndiye aliyetangulia. Husimuliwa kwamba mwaka 1752, nchini Ireland, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi lile la Doneraile, wakielekezwa na mnara na kuruka kila ua na ukuta uliowakabili. Waingereza wakaziita mbio hizo kwa jina la mnara. Kiswahili kikataja kinachorukwa, na hapo Kiswahili kimekuwa wazi zaidi.

Hata hivyo, viunzi si vya aina moja. Kile cha mbio za mita 110 huanguka kinapogongwa. Kile cha mita 3000, ambacho kwa wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, hakianguki, mkimbiaji akitaka hukikanyaga na kuendelea. Tofauti iyo hiyo ipo kwa farasi. Uwanjani hurushwa juu ya fito zilizoegeshwa tu, nazo huporomoka zikiguswa. Nyikani hukuta gogo zima, naye hawezi kulikanyaga kama mkimbiaji. Farasi wa kilo 500 akiligonga kwa sehemu ya juu ya miguu ya mbele, mwili wake waweza kupinduka na kumwangukia aliyempanda. Mwaka 1999 Uingereza ilipoteza wapandaji watano katika mashindano ya aina hii, na baada ya hapo zikabuniwa pini zinazokatika gogo likigongwa kwa nguvu. Hatari haitokani na kugonga tu. Mwigizaji Christopher Reeve alipooza mwaka 1995 huko Culpeper, Virginia, kwa sababu farasi wake alisita ghafla mbele ya kiunzi, naye akarushwa.

Kwa hiyo swali la msingi kwa mjenzi wa nyumbani, asiye na pini hizo, si namna ya kujenga kitu kigumu. Swali ni jinsi ya kumsaidia farasi akisome kiunzi mapema. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na kilicho chini kabisa ya pua yake hakioni. Akikaribia kuruka, hupima kimo kwa kutazama mahali kiunzi kinapokutana na ardhi. Ndiyo maana gogo jembamba huwekwa chini, sentimita 15 hadi 30 mbele ya kiunzi, upande anakotokea. Likiwekwa nyuma ya usawa wa gogo la juu, farasi hudanganyika, akaruka akiwa amechelewa. Uso wa kiunzi nao uinamie upande wa mbali kidogo, kama paa, badala ya kusimama wima. Rangi nyekundu haimfai, kwa kuwa haitofautishi vyema na kijani cha majani; nyeupe, manjano na buluu humfaa zaidi.

Kikambala, kati ya Mtwapa na Vipingo, haikosi vifaa. Shina la mnazi uliokufa ni gogo zuri, mradi likaguliwe: ganda lake la nje ni gumu lakini moyo wake ni laini, na mchwa huanzia humo. Nguzo za mvinje hupatikana kwa wakulima wa Kilifi, na zina nafuu kuliko boriti za mikoko, ambazo hazikatwi bila kibali. Kwa anayeanza, kimo cha sentimita 50 hadi 70 chatosha. Upana usipungue mita 3, kwani kiunzi chembamba humshawishi farasi kukwepa. Gogo likalie vihimili viwili, lizuiwe kwa kabari, kisha lifungwe kwa kamba ya katani badala ya misumari. Farasi akinaswa, panga moja hukata kamba, msumari haukatiki.

Juu ya gogo waweza kuchomekwa matawi laini ya mkilifi, huo mwarobaini uliobeba jina la mji. Chelewa za mnazi zisitumiwe, maana huchoma. Mnyaa ndio wa kuepukwa kabisa: ni ua wa kawaida pwani, lakini utomvu wake ukiingia machoni hudhuru vibaya, awe mtu au mnyama. Mawe ya matumbawe nayo yana makali. Ukuta wake ufunikwe kwa ubao uliolainishwa kingo.

Mahali pa kujengea panahitaji macho ya makini. Njia ya kukaribia iwe nyofu kwa mita 15 au zaidi, na upande wa kutulia usiwe na mwamba uliofichwa na mchanga. Kivuli cha minazi ni kizuri kwa mpumzikaji, si kwa mrukaji: macho ya farasi huchelewa kuzoea giza atokapo juani. Tena chini ya minazi huanguka nazi.

Lililobaki ni joto. Mombasa ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika tarehe 24 Machi 2007, joto na unyevu viliwashinda wanariadha wengi, Kenenisa Bekele wa Ethiopia akiwa miongoni mwa walioacha mbio njiani. Farasi naye, mwenye mwili mkubwa zaidi wa kupoza, afanye mazoezi alfajiri, aruke mara chache, kisha amwagiwe maji mengi mwili mzima mara tu anaposhukwa.