Poker run: mwenye mbio hapati kitu!

Unadhani ukiwa na pikipiki kali ndiyo unashinda? Thubutu! Kule Marekani wapenda pikipiki wana mchezo wao wanaouita 'poker run'. Unalipa kiingilio, unapewa karatasi yenye jina lako, halafu huyoo, barabarani. Vituo ni vitano. Kila kituo unachomoa karata moja, inaandikwa. Mwisho wa safari, mwenye karata tano kali kwa hesabu za poka ndiye anazoa zawadi. Kwa hiyo babu anayejikongoja na chombo chake anaweza kumliza kijana aliyekimbia kama mshale. Mara nyingi pesa nyingine humwendea mgonjwa anayechangiwa matibabu. Balaa ni moja tu: vituo vingine ni baa. Bia moja kila kituo, hesabu mwenyewe, na bado kuna kurudi nyumbani.