Manowari za Sayyid Said

Mtu aliyetaka kuziona manowari za Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja aliyefariki mwaka 1856, asingezikuta zote bandarini wakati wa amani, kwani merikebu zile zile zilizochukua askari na baruti vitani, kulipokuwa shwari zilipakizwa shehena na kutumwa ng'ambo kutafuta faida. Naona hapo akili ya tajiri kuliko ya amirijeshi, na wala simlaumu: chombo chenye mizinga, kikikaa bure kwenye nanga, kinakula mali ya hazina kila uchao.

Vitani, kwa hakika, haiba yao ilizidi manufaa yao. Manowari Liverpool, iliyoundwa Bombay mwaka 1826 na kubeba mizinga 74, ilitosha kumtia hofu aliyeiona ikitweka. Lakini Mombasa, ambayo ukoo wa Mazrui uliishika kwa nguvu ya Ngome ya Yesu, iliendewa mwaka 1828, ikaendewa tena 1829 na 1833, isitulie mkononi mwa Said hata mwaka 1837, baada ya Mazrui kufitiniana wenyewe kwa wenyewe. Siyu nayo, iliyoko kisiwani Pate nyuma ya mkondo wenye mikoko ambao maji yakipwa haupitiki, ililivunja jeshi lake katika miaka ya 1840 na kumwua amiri wake. Merikebu kubwa hazikuwa na njia ya kuusogelea mji.

Kwa ubalozi zilifaa zaidi. Liverpool yenyewe alimtunuku Mfalme William wa Nne wa Uingereza mwaka 1836. Na mwaka 1840 merikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York na pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi, pamoja na farasi wawili wa hidaya kwa Rais wa Marekani, na serikali ya huko ikaitengeneza bila malipo kabla haijarejea.

Zama za Said zilipokwisha, tufani ya Aprili 1872 ilizivunja merikebu za mwanawe, Sayyid Barghash, bandarini Unguja. Baadaye aliagiza merikebu Glasgow kutoka Uskochi, ambayo tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Uingereza na Unguja visivyotimia saa moja, ilithubutu kuifyatulia mizinga manowari ya Kiingereza St George, ikazamishwa. Mabaharia wa Glasgow wakatweka bendera ya Kiingereza kuomba amani, na mashua za Waingereza wale wale zikaenda kuwaopoa.