Kayaki ya injini au mtumbwi wa injini? Pima ziwa lako kwanza

Video zinazozunguka kwenye simu zimetuletea swali jipya. Mvuvi wa kizungu amekaa kwenye chombo chembamba cha plastiki, hana kasia mkononi, mashine inamsukuma taratibu na yeye anarusha ndoano. Chombo hicho kinaitwa kayaki. Vijana wa upande wa Basotu wanatuuliza kama kinafaa kwa ziwa lao, na kama inafaa kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa kikundi ili kukipata.

Tuseme mapema tunakosimama. Kwa mvuvi wa wavu wa Hanang au Mbulu, kayaki ya injini si chombo cha kununua kwa fedha ya mkopo. Lakini sababu zake ni vizuri kuzijua, maana ndizo zitakazokusaidia kuchagua hata mtumbwi wa mbao unaotaka kuufungia mashine.

Kayaki asili yake ni watu wa Aktiki, Wainuiti, walioitengeneza kwa ngozi ya sili kwa ajili ya kuwinda majini. Hizi za siku hizi ni za plastiki ngumu. Wanaozinunua huko Marekani na Ulaya huvua kwa fimbo na ndoano, samaki mmoja mmoja, na wengi wao humrudisha samaki majini baada ya kupiga picha. Yenye mashine yake huuzwa dola elfu kadhaa. Ukiongeza usafiri na ushuru hadi ifike Katesh, fedha hiyo ingeweza kununua mtumbwi mzuri wa mbao, nyavu halali na mashine ndogo, na bado chenji ikabaki.

Bei si tatizo pekee. Angalia uzito. Kayaki nyingi za uvuvi zimetengenezwa kubeba kati ya kilo 200 na 270, na hesabu hiyo inahusu kila kitu kilichomo, pamoja na wewe mwenyewe. Chukua ya kilo 200. Wewe una kilo 70. Betri ya kawaida ya maji ya amp 100 ina karibu kilo 30. Mashine na vifaa vyake, kilo 10 au 15. Umebakiwa na kilo 85, na watengenezaji wenyewe hushauri usijaze hadi mwisho, kwa sababu chombo kilichojaa hukaa chini na kila wimbi linaingia. Sasa weka wavu uliolowa maji. Samaki utawaweka wapi?

Halafu kuna kusimama. Kuvuta wavu ni kazi ya kuinama upande mmoja na kuvuta kwa nguvu zote. Kayaki pana ya uvuvi ina upana wa sentimita 85 hadi 95 hivi, inatosha kwa mtu aliyekaa na fimbo yake. Ukisimama ukavuta wavu kwa ubavu, inapinduka. Kama kweli unavua kwa ndoano na kamba, peke yako, kambale mmoja mmoja, hapo kayaki ina maana. Chagua ile ya kukalia juu, yenye matundu ya kutolea maji, si ile ya kuingiza miguu ndani kama soksi, kwa sababu ya kukalia juu ikipinduka unaweza kuigeuza na kupanda tena.

Maziwa yetu hayafanani

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaponunua mashine yoyote. Ziwa Basotu lina maji baridi, yale yasiyo na chumvi, na mvuvi halazimiki kusafiri masaa kufika kwenye samaki. Ziwa Tlawi kule Mbulu ni dogo zaidi; kwa kasia unafika popote. Kwa mvuvi wa Tlawi hatuoni injini itakusaidia nini, isipokuwa kukupunguzia faida.

Eyasi, linalogusa Mbulu, ni habari nyingine kabisa. Ni kubwa, lina magadi, na maji yake ni ya kina kifupi sana. Mvua zikiwa nzuri linajaa na wavuvi wanakuja. Miaka ya ukame maji yanarudi nyuma na kuacha tope na chumvi nyeupe, kama inavyotokea pia Balangida chini ya Mlima Hanang. Injini ya kawaida ya boti, ile inayoning'inia nyuma, inahitaji kina ili propela izunguke bila kugusa chini, na hujipooza kwa kunyonya maji ya ziwa. Ikinyonya tope, mfereji wa kupoozea unaziba na injini inaungua. Ikinyonya maji ya magadi, chumvi inabaki ndani na kula chuma. Anayetumia injini kwenye maji ya namna hiyo aisafishe kwa maji baridi kila anaporudi, dakika kadhaa injini ikiwa inanguruma huku inapitisha maji safi. Kama maji safi yenyewe unayafuata kwa punda, fikiria hilo kabla ya kulipa.

Kwa maji mafupi kuna mashine ambayo Thailand na majirani zake wameitumia miaka mingi: injini ndogo ya petroli imefungwa juu ya mtumbwi, na propela iko mwisho wa bomba refu linalotoka nyuma kama mkia. Mvuvi anainua au kushusha mkia kulingana na kina. Injini yake hupozwa na hewa, haigusi maji. Sisi tunaipenda kwa sababu moja zaidi: injini yenyewe ni ndugu ya ile ya pampu ya kumwagilia vitunguu. Fundi anayejua pampu ataijua, na plagi utaipata dukani bila kutuma mtu Mwanza. Ubaya wake ni kelele, na ule mkia unaozunguka wazi unaweza kukata mtu au wavu.

HP ngapi?

Kuna tamaa ya kununua HP 15 kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha za Ziwa Victoria. Kule mvuvi anakwenda mbali, mawimbi ni makubwa, chombo ni kirefu. Mtumbwi mfupi una mpaka wa mwendo wake. Ukisukumwa, unatengeneza wimbi mbele na lingine nyuma, na ukifikia mwendo fulani unabaki umekwama kati ya mawimbi yako mwenyewe. Mtumbwi uliozama majini kwa urefu wa mita 4 hufikia hapo kwenye kilometa 9 kwa saa hivi. Wa mita 5, karibu kilometa 10. Kuongeza HP baada ya hapo ni kuchoma petroli na kuinua pua ya mtumbwi. Kwa mtumbwi wa namna hiyo HP 3 hadi 5 inatosha.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawatakuambia, kwa kuwa wao wako usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya wilaya zetu iko juu ya mita 1,500. Huku hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. HP 5 ya dukani huku juu inafanya kazi kama HP 4 na kidogo. Bado inatosha, lakini usishangae ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa Mwanza au pwani. Kabla ya kuilaumu, mwombe fundi aangalie kabureta, na uulize kama kuna propela yenye mkunjo mdogo zaidi.

Sasa petroli. Injini ya HP 5 yenye mfumo wa stroki nne, ikikimbia kwa nguvu zote, hunywa kama lita 2 kwa saa. HP 15 ya stroki mbili hupita lita 6. Tufanye kazi ya saa mbili kwa siku, na petroli shilingi 3,000 kwa lita kwa mfano tu: ya kwanza inakula 12,000, ya pili 36,000. Kila siku. Weka hapo bei ya perege mwaloni kwako, gawanya, uone ni kilo ngapi utavua kwa ajili ya injini kabla hujavua kwa ajili ya watoto. Bei elekezi ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi huisoma kwenye taarifa ya habari.

Stroki mbili ina faida ya kuwa nyepesi na rahisi kufungua, lakini inataka oili ichanganywe kwenye petroli. Kipimo cha kawaida ni moja kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja, na injini mpya huhitaji zaidi katika masaa ya mwanzo. Fuata kitabu chake. Anayekisia kwa kizibo cha chupa anaua injini.

Mashine ya umeme, kama ile ya kwenye video, ni kimya, haipungui nguvu kwa ajili ya mwinuko, na upande wa Kenya wa Ziwa Victoria kuna wavuvi wanaokodisha mashine za umeme badala ya petroli. Kwa kipimo cha kayaki, ile ndogo ya volti 12 hula karibu amp 50 ikiwa kwenye kasi ya mwisho. Betri ya maji ya amp 100 hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa moja tu ya kasi hiyo, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Ukienda polepole inadumu zaidi. Kuirudisha kwa paneli ya wati 100 kutachukua zaidi ya siku moja ya jua zuri. Betri za lithiamu ni nyepesi na zinakubali kumalizwa zaidi, lakini bei yake ni kubwa.

Cha kununua kwanza

Jaketi okozi. Mmoja kwa mmoja, kila anayepanda, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Usiku wa Juni na Julai maji ya nyanda za juu za Mbulu ni ya baridi, na mwogeleaji hodari anakufa ganzi mikono. Injini inakupeleka mbali zaidi na ufuko kuliko kasia. Ikizima, umbali huo ni wako. Kwa hiyo kasia libaki chomboni daima. Penye viboko, kama Ziwa Babati la majirani zetu, kaa mbali nao, hasa alfajiri na magharibi, na usipite kati yao na maji ya kina.

Chombo cha uvuvi husajiliwa na mvuvi hukata leseni, kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kayaki ya kuvulia nayo ni chombo. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC. Muulize afisa huyo pia kama ziwa lako limefungwa kwa muda au lina masharti juu ya injini, kabla hujatoa fedha.

Kuhusu mkopo: ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa Julai 2024. Haina riba, lakini inarejeshwa. Serikali pia ina mpango wa boti na vizimba kwa mkopo nafuu, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindulia Mwanza Januari 2024. Kikundi kikiandika andiko la mradi, kiweke petroli na vipuri vya mwaka mzima ndani ya hesabu, si bei ya injini peke yake.

Na muuzaji akikuletea injini, iwe mpya au ya mkononi, usiijaribu kwenye ndoo. Ifunge kwenye mtumbwi wako, ziwani kwako, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, ikimbie nusu saa, izime, isubiri ipoe, iwashe tena. Ikigoma kuwaka mara ya pili, mrudishie.