Soko la nyumba Tandahimba: Fundi aitwe kabla mvua hazijakatika

Mfanyabiashara anayenunua nyumba kuukuu Tandahimba, Newala au Masasi kwa nia ya kuikarabati na kuiuza hana budi kutazama kalenda mbili kabla ya kumwita fundi: ya mvua na ya korosho. Wengi hutazama ya tatu, ya mfuko wao, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Fedha huanza kuingia mikononi mwa wakulima kuanzia Oktoba, minada ya stakabadhi ghalani inapofunguliwa, chini ya TANECU kwa Tandahimba na Newala na chini ya MAMCU kwa upande wa Masasi. Ndiyo miezi ya kuuza nyumba. Lakini ndiyo pia miezi ambayo kila aliyelipwa anataka bati jipya, sakafu au chumba cha duka mbele ya nyumba yake. Fundi mwashi mmoja anashika kazi nne, ujira wake unapanda, na nyumba yako inabaki na kenchi wazi huku mvua za Desemba zikikaribia. Anayeanza ukarabati Novemba anagombania mafundi na wateja wake mwenyewe.

Suala la maji ni zito zaidi. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inyeshayo huzama ardhini, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, kazi iliyoanza na mradi wa maji wa Makonde miaka ya 1950. Pampu zikisimama, maji hununuliwa kwa ndoo. Lipu, zege na sakafu vyote hunywa maji, na sakafu isiyomwagiliwa siku kadhaa baada ya kumwagwa huja kupasuka mbele ya macho ya mnunuzi. Saruji si kikwazo kikubwa kama zamani, kwani kiwanda cha Dangote kimekuwapo Mtwara tangu 2015. Maji ndiyo yanayokula faida.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iwe paa, mifereji ya kukinga maji na kisima cha kuyahifadhi, na ifanyike Februari au Machi, mvua zikiwa bado zipo. Hilo linaonekana kama kichekesho, kufungua paa wakati wa masika, lakini bati hubadilishwa upande mmoja kwa siku za jua, na mvua za mwisho hujaza kisima kabla hazijakatika. Maji hayo ndiyo yatakayopiga lipu na sakafu Mei na Juni. Kuanzia hapo mafundi wengi, ambao nao wana mikorosho yao, hukimbilia shambani kupalilia na kupuliza salfa, na si busara kutegemea kuwapata kila siku. Rangi na vitasa vinaweza kusubiri Septemba.

Faida nyingine ni kwamba mnunuzi wa uwandani huuliza habari za maji kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Kisima chenye maji yaliyobaki mwezi Oktoba kinamjibu bila maneno.

Sasa mapatano. Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 ilianzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwa jengo kubwa kandarasi aliyesajiliwa ndiye wa kutafutwa. Hata hivyo, kwa nyumba ya vyumba vitatu anayekuja ni fundi wa mtaani na vibarua wake wawili, na kinga yako ni karatasi mliyotia saini mbele ya mashahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa kitongoji akiwa mmoja wao. Iandikwe kazi yenyewe, si "kukarabati nyumba": bati ngapi, za geji gani, mbao zipi zenye mchwa zitolewe, kisima cha ujazo gani. Iandikwe pia nani ananunua vifaa. Mtindo wa kumkabidhi fundi fedha zote za vifaa ni wa kuepukwa. Nunua mwenyewe, naye alipwe ufundi tu.

Malipo yaende kwa hatua. Kianzio kiwe kidogo, cha kumwezesha fundi kula na kulipa vibarua wiki ya kwanza. Kinachofuata kitolewe paa likikamilika, kingine lipu ikikauka. Sehemu ya mwisho izuiwe hadi mvua kubwa mbili au tatu zimepita juu ya bati na kisima kimeonekana hakivuji. Anayeanza Februari hasubiri muda mrefu. Fundi aelezwe hilo siku ya mapatano, kwani kumzuilia mtu haki yake bila kumwambia ni dhuluma, na mji ni mdogo. Mwaka ujao hutapata fundi.

Usikarabati kwa mkopo unaotegemea msimu mmoja. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kugomea bei za wanunuzi binafsi. Malipo ya wengi yalichelewa kwa miezi, na maduka ya Tandahimba na Newala yakakaa bila wateja. Aliyekuwa na nyumba ya kuuza mwaka ule aliisubiri fedha pamoja na mkulima. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa TANECU ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hesabu ya nyumba ifanywe kwa bei ya mwaka mbaya, na iwe nyumba inayoweza kupangishwa kwa mwalimu au muuguzi ikikosa mnunuzi.

Mwisho, risiti. Mkazi akiuza jengo hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, na faida hupatikana baada ya kuondoa gharama zinazothibitika. Saruji iliyonunuliwa bila risiti, na ufundi uliolipwa bila fundi kutia saini popote, huhesabiwa kama havikuwapo.