Mtandao Ukizimwa, Nani Analipa?

Siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatika Tanzania nzima. Ilianza kurejea 3 Novemba. Aliyenunua bando la wiki tarehe 28 alikuta siku zake karibu zote zimeliwa bila kufungua hata ukurasa mmoja.

Kuzima si kazi ngumu. Kampuni za simu ni chache na kila moja inafanya biashara kwa leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Data inayotoka nje ya nchi hupita zaidi kwenye nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam. Agizo likitoka, mwenye leseni anatii, kwa sababu leseni ndiyo duka lake.

Hasara yenyewe husafiri mbali. Chukua Vugiri, kata ya milimani wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya chai ya Usambara. Mkulima mwenye simu ya batani anapokea pesa kwa nyota na reli, huduma isiyohitaji data, hivyo mtu wa mjini atadhani yuko salama. Lakini pesa hiyo huanzia kwa mnunuzi anayelipa kwa programu ya benki, ikapita kwa wakala ambaye mashine yake inategemea laini ya data. Duka linalomuuzia mbolea lina mashine ya risiti ya EFD inayopeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa mtandao. Kiungo kimoja kikikatika, wote wanasimama, na majani mabichi ya chai yakishachumwa hayasimami: yanatakiwa kiwandani siku hiyohiyo.

Ipo pia njia ya polepole ya kuzima, ya kufunga huduma moja moja, nayo inaumiza biashara kimyakimya. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Septemba, jukwaa la mijadala la JamiiForums likasimamishwa kwa siku 90. VPN, programu za kupita vizuizi hivyo, tangu 2023 zinatakiwa kusajiliwa TCRA.

Serikali ndiyo iliyomhimiza mkulima na muuza duka wahamie kwenye malipo ya kidijitali, na wakahama. Basi agizo la kuzima litolewe hadharani, likiwa na sababu na tarehe ya mwisho, na siku za bando zilizoliwa zirudishwe kwa mteja. Kampuni za simu zina kumbukumbu za kila laini. Hesabu hiyo zinaiweza.