Gari la familia likizima kwenye silensa, mzazi aanze na maswali kabla ya spea

Desemba inapokaribia, barabara za kupanda kutoka Himo kwenda Mwika huanza kujaa magari ya familia zinazorudi nyumbani kwa sikukuu. Mengi ni ya zamani, na huko tambarare yalikuja vizuri. Yakifika mlimani mambo hubadilika: dereva akipunguza mwendo kwenye kona, injini inatetemeka, taa za dashibodi zinawaka na gari linazima, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Hapo ndipo fedha za ada huanza kupungua. Leo plagi, kesho koili, keshokutwa pampu ya mafuta, na gari linaendelea kuzima vilevile. Dawa ya kwanza ni kujua gari linazima wakati gani.

Silensa ni nini?

Mafundi huita silensa ule mngurumo wa injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta. Kwa magari mengi madogo ya petroli, injini ikishapata moto, ni takriban mizunguko 650 hadi 850 kwa dakika. Injini inahitaji hewa, petroli kwa kipimo na cheche kwa wakati wake. Gari likiwa kwenye kasi, kasoro ndogo hufichika. Kwenye silensa injini haina nguvu ya akiba, hivyo kasoro hiyohiyo inatosha kuizima.

Mlima nao una sehemu yake. Hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kabureta ya Peugeot 504 au pikapu ya Datsun iliyorekebishwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ikifika Mwika itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili zake ni moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi zenye masizi. Hapo huenda hakuna kilichovunjika. Kinachohitajika ni kurekebisha kabureta.

Gari lenye kompyuta ya injini hupunguza petroli lenyewe. Likizima mlimani, mara nyingi kuna uchafu, mpira unaovuja hewa au sensa iliyochoka, na mlima umeufichua tu ugonjwa huo.

Linazima wakati gani?

Asubuhi likiwa la baridi: kwa gari la kabureta, fundi aanze na choki. Kwa lenye kompyuta, aangalie sensa ya joto la maji na valvu ya silensa, inayoongeza hewa injini ikiwa ya baridi.

Likishapata moto, kisha linawaka tena baada ya kupumzika: washukiwa ni koili au sensa inayosoma mzunguko wa injini, kwani hukatika zikipata joto na kurudi zikipoa. Kwenye kabureta, petroli inaweza pia kugeuka mvuke ndani ya bomba.

Ukiwashwa ubaridi wa gari au ukikatwa usukani: injini imeongezewa mzigo na haikupata hewa ya kutosha. Mara nyingi mlango wa hewa, ambao mafundi huuita throto, pamoja na valvu ya silensa vimejaa masizi. Kusafisha kwaweza kutosha.

Ikikanyagwa breki: mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chombo cha kusaidia breki huenda unavuja. Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, mguu ubaki pale, kisha gari liwashwe. Breki nzima itazama kidogo. Isipozama, gari lisibebe watoto hadi lipimwe.

Likipanda mlima, lakini kwenye silensa limetulia: hapo injini inakosa petroli ya kutosha. Chujio la mafuta na pampu vitangulie kupimwa.

Baada ya mvua au baada ya kujaza mafuta: unyevu kwenye waya za plagi au kifuniko cha distribyuta huzima magari ya zamani. Petroli yenye maji nayo huleta dalili hizo, kwa hiyo risiti ya kituo itunzwe.

Anza na cha bei ndogo

Kabla ya kununua kifaa kikubwa, kuna vitu vya kuangalia nyumbani, injini ikiwa imezimwa na imepoa: chujio la hewa lililojaa vumbi, mipira ya hewa iliyopasuka au kuchomoka, vichwa vya betri vilivyolegea na waya za plagi zilizochunika. Baadaye, mzazi arekodi kwa simu sauti ya injini na mshale wa mizunguko tatizo linapotokea. Gari lina tabia ya kutulia likifika gereji, na video hiyo humpa fundi pa kuanzia.

Mashine ya kusoma kompyuta inasaidia, lakini kodi inayoonyesha si hukumu. Kodi ya sensa fulani inaweza kusababishwa na waya uliokatika au mpira unaovuja. Fundi makini hupima kwanza, ndipo aseme kifaa kinunuliwe.

Kuna tiba moja ya kukataa: kukaza skrubu ili silensa ipande tu. Gari litaacha kuzima kwa muda, lakini ugonjwa umebaki na petroli inaliwa. Gari la otomatiki litakuwa linasukuma mbele hata dereva akitaka kusimama, jambo la hatari kwenye uwanja wenye watoto.

Likizima kwenye mteremko

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko gharama. Injini ikizima, msaada wa breki hubaki kidogo tu na usukani wa pawa huwa mzito. Dereva akanyage breki mara moja kwa nguvu bila kuiachia, maana kuipiga piga humaliza akiba hiyo. Ufunguo usizungushwe hadi mwisho wala kuchomolewa, usukani unaweza kujifunga. Gari lielekezwe upande wa mlima, handibreki ivutwe, mawe yawekwe kwenye matairi na watoto washukie upande ulio mbali na barabara.

Kinga yake ni kuteremka na gia ndogo. Kuweka frii ili kuokoa petroli kutoka Mwika hadi Himo ni kuacha breki zifanye kazi peke yake, katika gari ambalo tayari linajulikana kuzima.

Na gari linapojaribiwa nyumbani, lisingurumishwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua, na watoto hupenda kusimama karibu kutazama.

Familia inayojiandaa kwa safari ya Desemba ipime silensa wiki mbili kabla ya kuondoka. Kazi inayofanywa kwa utulivu gereji hugharimu kidogo kuliko ile ya usiku, kando ya barabara, watoto wakilia kwa baridi.