Nuru Inayoua Seli za Saratani

Mkazi wa Kibamba au Temeke hahitaji kufundishwa ukali wa jua. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina upungufu wa melanini, jua hilo ni hatari kubwa: mionzi yake ya urujuanimno huharibu seli za ngozi, na saratani huweza kuwapata wangali vijana. Baadhi yao hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road uvimbe ukiwa umekwisha kukua. Hata hivyo iko nuru ya namna nyingine ambayo, ikitumiwa kwa hesabu, huiua seli ya saratani.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, alikuwa akichunguza jinsi rangi iitwayo akridini inavyowadhuru paramesia, wale viumbe wa seli moja wanaotazamwa kwa hadubini mashuleni. Siku nyingine walikufa upesi. Siku nyingine, kwa rangi ile ile, walichelewa. Tofauti ilikuwa mwanga wa chumbani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900, na mwaka 1903 mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, pamoja na daktari Jesionek walijaribu rangi ya eosini na nuru juu ya uvimbe wa ngozi.

Vitu vitatu huhitajiwa: dawa inayonasa nuru, nuru yenyewe, na oksijeni. Dawa ikipigwa na nuru hupata nishati, kisha huipitisha kwa oksijeni iliyomo katika seli. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali mno, ikaunguza mafuta na protini zilizo karibu. Lakini ukali huo ni wa kitambo tu. Hutulia kabla haijasafiri hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo kiasi cha dawa peke yake hakitoshi. Lililo kubwa ni mahali dawa ilipokaa.

Mahali panapofaa kuliko pengi ni mitokondria. Vitabu vya shule huziita mitambo ya nguvu ya seli, na ni kweli, ila si yote. Ndani yake mna protini iitwayo saitokromu c, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupitisha elektroni wakati seli inapopumua. Mwaka 1996 Xiaodong Wang na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba protini hiyo, ikiwa nje ya mitokondria, huamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani. Seli hufa kwa utaratibu, na vipande vyake humezwa na seli jirani. Seli nyingi za saratani zimezima ishara zinazoamuru kifo hiki. Nuru inayopasua utando wa mitokondria hupitia mlango wa uani.

Asidi ya aminolevulini ina werevu wa pekee, kwani yenyewe hainasi nuru. Ni mali ghafi ambayo seli huitumia kutengeneza hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma, na hatua za mwisho za kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria. Kabla ya chuma kuingizwa hupatikana protopofirini, nayo ndiyo inasayo nuru. Seli nyingi za saratani huchelewa kuitia chuma, hivyo hulundikana pale pale panapotakiwa. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa wekundu; mwanga mwekundu wa nanomita 635 huifanya iue.

Mipaka ipo. Mwanga mwekundu hupenya mwilini milimita chache tu, kwa hiyo tiba hii hufaa ngozi na viungo vinavyofikiwa kwa uzi wa kioo unaopitisha nuru. Kanada iliruhusu dawa ya Photofrin mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu. Saratani iliyosambaa bado ni kazi ya upasuaji, mionzi na dawa nyingine. Tena, melanini hunyonya nuru, na vipimo vilivyopatikana kwa ngozi nyeupe havifai kunakiliwa tu kwa ngozi nyeusi.

Photofrin hukaa mwilini muda mrefu. Mgonjwa hutakiwa kukwepa jua kwa siku 30 au zaidi. Si amri nyepesi kwa mtu wa Kibamba anayengoja daladala saa saba mchana kwenye Barabara ya Morogoro! Krimu ya aminolevulini hupakwa penye ugonjwa tu, na athari yake huisha baada ya siku moja au mbili. Taa yake huwashwa chumbani, na mwanga wake mwekundu hauna urujuanimno.